Mipira Kumi na Mmoja Aliyoidondosha Quillan

Bosi wangu, Rosalind Kaczmarek, alikuwa ameshamkata Quillan Arceneaux kabla mimi sijamtia machoni. Kwenye ubao wa ofisi yetu pale Erie, ambako majina ya vijana wa vyuo hubandikwa majira yote ya baridi kusubiri siku za Uteuzi, timu zinapopokezana kuchagua wachezaji wapya, jina lake lilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, mahali ambapo fagio la mtu wa usafi huligonga kila asubuhi. Pembeni yake Rosalind alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mzito wa miguu, mwepesi wa kudondosha."

Mimi ni Wendell Prewitt. Nimeisakia vipaji timu ya Nyundo za Erie kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ni kuzunguka vyuoni, kuwatazama vijana wanaocheza mpira wetu huu wa umbo la yai, halafu kuandika nani ataweza kucheza na watu wazima wanaolipwa, na nani atafute kazi nyingine. Mwaka ule nilitumwa kusaka wadakaji. Mdakaji ni yule anayechomoka mbele, akampoteza mlinzi wake, kisha akaudaka mpira aliorushiwa kutoka mbali. Ukisema hivyo inaonekana kazi rahisi. Nilishawahi kuifanya ujanani, na goti langu la kulia bado linaikumbuka.

Kwa mdakaji, kila timu huuliza mambo mawili kwanza: anakimbia yadi arobaini kwa sekunde ngapi, na msimu mzima amedondosha mipira mingapi. Quillan alikimbia kwa sekunde nne na pointi sitini na nne, ambazo ni mbio za mtu anayewahi basi lakini halimuumizi kichwa likimwacha. Na alidondosha mipira kumi na mmoja. Kwa hesabu hizo hata mjomba wake angesita kumchagua.

Lakini nilizitazama video zake siku tatu mfululizo, na kitu kikawa kinaniwasha. Alikuwa peke yake. Kila mpira ulipomjia, mlinzi alikuwa hatua mbili nyuma, anageuza shingo huku na huku kama mtu aliyepotezana na mkewe sokoni. Nikaipunguza video kasi. Quillan hakukimbia kwa mwendo mmoja hata mara moja. Alianza kivivu, akaongeza kidogo, bega likasema tunakwenda kushoto, mlinzi akaliamini bega, na miguu ikaenda kulia. Wenye mbio walikuwa wale wengine, lakini aliyejua wanakokwenda alikuwa yeye.

"Rosalind, nipe siku tatu Louisiana," nikamwambia.

"Wendell, huko unafuata mdakaji au unafuata kamba wa kuchemsha?"

"Vyote viwili."

"Basi mdakaji mwache hukohuko. Kamba niletee."

Chuo cha Belle Anse, anakosoma Quillan, ni kidogo. Uwanja wake umezungukwa na mashamba ya mpunga na mabwawa ya kamba, na mwezi wa Machi hewa yote inanuka tope na pilipili. Nilimkuta Quillan chumba cha mazoezi, amekaa kwenye benchi anafunga kamba za viatu. Kijana mrefu, mwembamba, ana uso wa mtu aliyeamshwa sasa hivi. Alisimama nilipoingia, akavua kofia.

Nikampima kiganja kwa rula. Kilipofunguka nilidhani ameweka sahani mezani.

"Mipira kumi na mmoja, Quillan," nikasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ilikuwaje?"

"Niliidondosha."

"Hilo nimeliona. Nauliza kwa nini."

"Kwa sababu sikuidaka, mzee."

Nikamtazama usoni nione kama ananicheza shere. Wapi, alikuwa amekaza macho kama yuko kanisani.

"Kulikuwa na jua? Uliumia kidole?"

"Hapana, mzee. Vidole vipo vyote." Akaninyooshea nivihesabu.

Kwenye daftari langu nikaandika: "Ama mkaidi ama mkweli. Bado sijajua." Nikamuaga.

Kwenye maegesho nilikuta mtu ameegemea gari nililokodi. Kijana mfupi, nywele nyekundu, madoadoa uso mzima, anakula andazi lenye sukari na sukari yote imemjaa kifuani.

"Wewe ndiye wa Erie?" akauliza.

"Ndiye. Na hilo unaloegemea ni gari langu."

"Samahani, mzee. Naitwa Dewey Fontenot. Mimi ni mrushaji. Yaani, mrushaji wa akiba. Nikikuambia kitu, utamwambia Quill kwamba umekisikia kwangu?"

"Inategemea ni kitu gani."

Akafikiri. "Mwambie tu. Atanipiga, lakini tutapatana." Akaokota kokoto, akairusha kwenye nguzo ya taa hatua thelathini mbele. Ikalia ting! "Umeona?"

"Nimeona una shabaha."

"Siyo shabaha, mzee! Mkono! Tazama mkono!"

Nikautazama. Alikuwa amerusha kwa mkono wa kushoto.

Akanieleza yote bila kupumua, huku sukari ikimwagika. Mrushaji wao mkuu alivunjika mtulinga mwezi wa Oktoba, na mechi tano za mwisho akarusha yeye, Dewey. Mpira unaotoka mkono wa kushoto huja ukizunguka kinyume na ule wa kulia. Mdakaji aliyezoea kulia tangu utotoni ni kama mtu aliyezoea mlango wa kuvuta, halafu apewe wa kusukuma huku anakimbia na jitu la kilo mia liko mgongoni.

"Mwandishi wa gazeti alimuuliza baada ya mechi," akasema Dewey, "Quill akajibu kosa ni lake mwenyewe, kwisha. Nikamwambia, we mshkaji, si useme tu ni mkono wangu? Akaniambia nikisema nitamjua yeye ni nani. Sasa miezi mitano nimenyamaza, mzee, na nimenenepa kwa mawazo."

Nilikimbilia hotelini na goti langu bovu. Nikafungua video, nikaihesabu mipira yote kumi na mmoja, mmoja mmoja, nikiangalia nani kaurusha. Kumi ilitoka kwa Dewey. Kumi! Nilicheza peke yangu katikati ya chumba, nikapiga simu Erie.

"Rosalind! Kumi kati ya kumi na mmoja! Ni mkono wa kushoto!" Nikamwaga habari yote kama Dewey alivyonimwagia mimi.

Upande wa pili nikasikia kicheko kinaanza taratibu, kinapanda, mpaka Rosalind akakohoa.

"Wendell, ndugu yangu. Mwezi uliopita tumemchukua nani awe mrushaji wetu kwa miaka mitano?"

Nikakaa kitandani.

"Brannock Oyler," nikasema.

"Na Brannock Oyler anarusha kwa mkono gani?"

Nikajibu kwa kunong'ona.

"Sikusikii, Wendell."

"Wa kushoto."

"Haya. Kamba usisahau."

Nilijua, bila shaka. Erie nzima inajua; sura ya Oyler imebandikwa hadi kwenye madirisha ya vinyozi, mkono wa kushoto juu. Ni furaha tu iliyonisahaulisha. Nilikuwa nimekesha na kitendawili, nimekitegua, na jibu lake limemwondoa kijana ubaoni kabisa. Timu nyingine zote zingeweza kumchukua Quillan kwa amani, ila yangu.

Jioni ile nilikuwa nimealikwa kwa bibi yake, Bibi Eulalie, aliyemlea tangu ana miaka minne. Nilitamani nisiende, lakini kukataa chakula cha mtu Louisiana ni kutangaza vita. Nyumba yake iko kwenye ukingo wa mabwawa yake mwenyewe ya kamba. Nilimkuta anakoroga sufuria kubwa uani, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi.

"Ndiye wewe unayewanunua watoto wa watu?" akaniuliza.

"Huwa sinunui, bibi. Natazama tu."

"Basi kaa utazame kamba wanavyoiva."

Wakamwagwa mezani juu ya magazeti, wekundu, wanafuka moshi, na viazi na mahindi. Dewey naye alikuwepo, amejificha nyuma ya kikapu cha mkate. Tulipokwisha kula nikaona ukweli ni bora uje sasa.

"Quillan, rafiki yako ameniambia habari ya mkono wake."

Quillan akamgeukia Dewey taratibu. Dewey akavuta kikapu karibu.

"Nilikwambia unyamaze."

"Nimenyamaza miezi mitano! Hata jela mtu huachiwa kwa tabia njema!"

"Ungesema wewe mwenyewe," nikamwambia Quillan. "Timu nyingi zingekuelewa."

"Ningesema nini, mzee? Mpira ulinigusa viganja vyote viwili. Ukinigusa viganja ni wangu. Yeye alirusha vizuri."

"Nimekuja pia kukupa habari mbaya. Mrushaji wetu Erie ni wa mkono wa kushoto. Bosi wangu amefunga jalada."

Nilitegemea uso wake uanguke. Badala yake wote watatu wakatazamana, na Bibi Eulalie akaanza kucheka hadi miwani ikadundadunda kifuani.

"Baba," akaniambia, "ndege yako saa ngapi kesho?"

"Saa nne asubuhi."

"Njoo saa kumi na mbili na nusu. Na uje na viatu usivyovipenda."

Nilikwenda. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya mabwawa, jua linachomoza. Kati ya bwawa na bwawa pana tuta la udongo, upana wake hauzidi meza mbili. Dewey alisimama mwisho mmoja na mfuko wa mipira. Quillan alisimama mwanzo, peku, suruali imekunjwa magotini. Bibi Eulalie alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, kikombe cha kahawa mkononi.

"Tangu Desemba," akanieleza. "Kila asubuhi, mipira mia moja. Wazo langu. Mpira ukimponyoka unaingia bwawani, na yeye anaingia kuufuata. Januari maji ni barafu, na kamba wana njaa. Wiki ya kwanza aliingia mara thelathini kwa siku. Nikamwambia, mjukuu wangu, ama ujifunze kudaka ama ujifunze kuogelea, mimi vyote nitakushangilia."

Wakaanza. Quillan alikimbia juu ya lile tuta jembamba, akakata, akageuka, na mipira ya Dewey ikamjia ikizunguka upande usio wa kawaida. Akaudaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nilihesabu kwa vidole, halafu kwa kokoto. Baada ya hamsini nikamsimamisha.

"Umebadilisha nini?"

Akanionyesha. "Wa kulia unakuja unajiingiza wenyewe kiganjani. Wa kushoto unatorokea nje, huku kwenye kidole kidogo. Mimi nilikuwa naziba upande ambao mpira hautorokei. Sasa nautangulia kule unakotaka kwenda."

"Na wa kulia je? Hujausahau?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Asubuhi ni Dewey. Jioni ni kaka yake, yule wa kulia. Naye ni mbaya, mzee. Anarusha kama anafukuza kuku."

Katika mia moja aliingia majini mara mbili. Ndege ya saa nne iliniacha, na sikujali.

Rosalind hakukubali kirahisi. Nilimpelekea video niliyopiga kwa simu, akasema marafiki wawili na bibi mmoja kwenye bwawa si ushahidi. Lakini namjua, mtu akimwambia kitu hakiwezekani hulala vizuri, mtu akimwambia labda halali. Wiki mbili baadaye, siku ya vipimo pale chuoni, akashuka kwenye gari mwenyewe, amevaa koti refu na viatu safi.

Wasaka vipaji wa timu tisa walikuwepo. Quillan akakimbia yadi arobaini: nne na pointi sitini na mbili. Kalamu zikafungwa. Mzee mmoja wa timu ya magharibi akaniambia, "Wendell, huyu kijana wako hata kivuli chake kinamsubiri." Kabla ya saa sita wote walikuwa wameondoka kuwahi chuo kingine.

Rosalind akabaki. "Haya," akasema. "Nipeleke kwenye bwawa."

Bibi Eulalie alimkagua juu mpaka chini. "Viatu hivyo, mama, utavilia."

"Nina vingine, bibi."

Wakaelewana palepale.

Dewey akashika nafasi yake. Kumrushia rafiki yako asubuhi ni jambo moja. Kumrushia mbele ya mwanamke mwenye uwezo wa kubadilisha maisha yake kwa kalamu ni jingine. Mpira wa kwanza ulimtoka mkononi vibaya, ukaenda juu na pembeni kabisa, nje ya tuta. Ulikuwa mpira wa kuachwa. Hakuna ambaye angemlaumu.

Quillan hakuuacha. Aliruka kutoka kwenye tuta, mwili wote ukalala hewani, akatoweka bwawani kwa mshindo uliotufunika tope sote watatu. Maji yakatulia. Kisha mkono mmoja ukachomoza, na mpira ukiwa juu yake kama chungwa kwenye kinara. Kichwa kikafuata, kimejaa majani.

Rosalind akajifuta tope kwenye shavu. "Huo tuuhesabu amedaka?"

"Usipouhesabu, mama," akasema Bibi Eulalie, "chakula cha mchana kwangu hupati."

Rosalind akacheka, na Dewey naye akacheka, na mkono wake ukapona. Iliyobaki ilikwenda kama maji mferejini. Rosalind alitaka mipira hamsini. Akaomba hamsini mingine. Alimtaka Quillan akate kulia, akate kushoto, adake nyuma ya kichwa, adake magotini. Mwisho wake akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Kwa nini hakusema tangu mwanzo kuhusu huyu mwenye nywele nyekundu?"

"Anasema mpira ukimgusa viganja ni wake."

Wakati wa kula nilimwona Rosalind anammenyea Dewey kamba, jambo ambalo sijawahi kuona akimfanyia mtu.

Uteuzi huchukua siku tatu, na watu kama Quillan huitwa siku ya mwisho, ikiwa wataitwa. Raundi ya sita ilipofika zamu yetu ilikuwa inakaribia, na chumbani kukazuka mabishano. Mwenzangu Garth Lindqvist alikuwa na kijana wa Oregon anayekimbia kama kapigwa na umeme.

"Mbio hazifundishwi, Rosalind!" Garth akasema.

"Na huyo wako anadaka?"

"Atafundishwa."

"Na nani? Wewe?" Chumba kikaangua kicheko. Rosalind akasimama, akaenda kwenye ubao, akainama hadi karibu na sakafu, akalibandua jina la Quillan. Akaliweka juu. "Wendell, piga simu."

Nikapiga. Ikaita sana.

"Nani?" ilikuwa sauti ya Bibi Eulalie.

"Bibi, ni Wendell wa Erie. Mpe simu Quillan, haraka."

"Yuko bwawani anatoa mitego. Watu wanataka kamba, ni Jumamosi."

"Bibi, tunataka kumchagua! Tuna dakika tatu!"

Nikasikia simu ikidondoka, mlango ukipigwa, halafu mayowe ambayo nina hakika yalifika Texas. Halafu miguu inakimbia, na sauti ya Dewey: "Kimbia, we mzito! Kimbia!" Rosalind alikuwa ameshika saa. Garth, aliyekuwa amenuna, akaanza kuhesabu kwa sauti naye, na kufikia dakika ya pili chumba kizima kilikuwa kimesimama.

"Halo?" Alikuwa anahema. "Halo, mzee?"

Nikampa Rosalind simu.

"Quillan, ni Rosalind Kaczmarek. Sasa hivi natuma jina lako. Uko tayari kuja Erie?"

"Ndiyo, mama."

"Una swali lolote?"

Nyuma yake mtu alikuwa analia, nadhani ni Dewey.

"Moja, mama. Maji ya kwenu huko ni baridi kiasi gani?"

Rosalind alicheka hadi akaketi, akatikisa mkono kwa karani wetu, na karani akalituma jina.

Agosti ile Quillan alikuja kambini na sanduku moja na pipa la viungo kutoka kwa bibi yake. Siku ya kwanza Brannock Oyler alimrushia mipira arobaini kwa ule mkono wake maarufu. Alidaka thelathini na tisa. Uliomponyoka alikwenda kuuokota mwenyewe, akaurudisha kwa Oyler, akasema, "Samahani, kaka. Huo ulikuwa wangu." Oyler akamtazama, akanitazama mimi niliyesimama pembeni, kisha akamwambia arudi kwenye mstari wamalizie mingine kumi kabla ya mvua.